Neno ‘oto’ lilivyokaribia kumponza mtoto: Kiswahili cha nyaya za gari

MDOGO wangu anaishi upande wa Limuru, na yeyote aliyewahi kuamka huko mwezi wa Julai anajua baridi ninayoizungumzia. Kioo cha mbele huwa kimeziba kwa ukungu, na injini ya pikapu yake ya zamani hukohoa kama mgonjwa. Ndipo akanunua kile kifaa kinachowezesha gari kuwashwa kwa rimoti mtu akiwa ndani ya nyumba, kikombe cha chai mkononi.

Muuzaji alimhoji kwa simu. Mazungumzo, kama nilivyosimuliwa baadaye, yalikuwa mafupi mno.

“Gari yako ni ya oto?”

“Eeh, iko.”

“Sawa basi, ntatuma kijana akufungie.”

Muuzaji alikuwa akiuliza kama gia za gari hujibadilisha zenyewe. Mdogo wangu alidhani anaulizwa kuhusu kufuli za milango, ambazo kweli hujifunga zote mara moja ukibonyeza kitufe. Pikapu ile ni ya gia za mkono, yenye klachi. Kijana aliyetumwa aliona gia hizo kwa macho yake, lakini alikuwa ameambiwa na mkubwa wake kwamba mteja ashakubali. Isitoshe, kifaa kilipokataa kuwasha gari bila klachi kukanyagwa, aliziunga pamoja nyaya mbili za swichi ya klachi ili gari lidhani kwamba klachi imekanyagwa wakati wote.

Jumapili moja asubuhi mdogo wangu alibonyeza rimoti akiwa dirishani. Pikapu ilikuwa imeachwa kwenye gia ya kwanza, kama tufanyavyo sote tukiegesha mteremkoni. Ikaruka mbele, ikagonga mguu wa stendi ya tangi la maji, ikazima. Sekunde chache baadaye ikaruka tena, bila mtu kubonyeza chochote. Mwanawe wa miaka sita alikuwa ametoka hapo muda huo huo kufuata ndala zake.

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikizungumzia ngeli, unyambulishaji na nasaba za maneno. Leo nitazungumzia nyaya. Hata hivyo, sijatoka nje ya uwanja wangu, maana chanzo cha mkasa huu kilikuwa neno moja la silabi mbili ambalo watu wawili walilielewa kwa namna mbili. Niliandamana na fundi wa umeme wa magari wa mtaani kwetu, mzee ambaye huniita mwalimu nami humwita fundi, tukashinda siku nzima chini ya usukani wa pikapu ile. Haya ndiyo niliyojifunza, ya lugha na ya umeme.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kiswahili kina ‘waka’, na kutokana nacho tunapata ‘washa’. Taa huwaka, jiko huwaka, redio huwaka, na gari nalo huwaka. (Upupu nao huwasha, lakini huo ni mwasho mwingine.) Zamani ilikuwa kawaida kusema mtu ‘ametia gari moto’ akimaanisha ameanzisha injini, leo ukisema hivyo Nairobi, watu watakimbia kutafuta maji. Tatizo la ‘washa’ ni kwamba kimebeba mzigo mzito kuliko uwezo wake. Ukizungusha ufunguo wa gari hufanyi tendo moja. Unafanya matatu, kwa mfuatano, na kifaa cha rimoti lazima kiyaige yote matatu kama yalivyo.

Angalia tundu la ufunguo. Katika magari mengi yenye ufunguo wa kuzungusha utaona maandishi manne: LOCK, ACC, ON na START. Kwenye LOCK umeme haupiti na usukani unaweza kujifunga. Ukifika ACC, redio na soketi ya kuchajia simu hupata umeme. Ukifika ON, taa za dashibodi huwaka, na mitambo inayoiwezesha injini kuunguruma hupata umeme. START ndiyo hatua ya mwisho. Hapo mota ya stata huzungusha injini hadi ishike, nawe unaachilia ufunguo urudi wenyewe kwenye ON.

Mafundi wetu, ambao hawakungoja kamati yoyote ya istilahi, wana kauli tofauti kwa kila hatua. Fundi wangu husema ‘fungulia redio’ kwa hatua ya kwanza, ‘weka swichi’ kwa ya pili, na ‘piga stata’ kwa ya tatu. Akiwa amelala chini ya gari akuambie ‘weka swichi’ nawe upige stata, anaweza kupoteza vidole. Kwa hivyo hasemi kamwe ‘washa’. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kunitazama, “Washa nini sasa, mwalimu? Washa ni ya jiko.”

Nyuma ya tundu hilo la ufunguo kuna fungu la nyaya. Hapa nisamehewe nichepuke kidogo. Neno ‘waya’ limetoka Kiingereza, ila lilipoingia Kiswahili lilipokelewa kwa namna ya kupendeza. Lugha iliona linaanza kwa ‘wa’, ikaliketisha pamoja na wavu, wakati na wayo, na kwa kuwa hayo huwa nyavu, nyakati na nyayo katika wingi, waya nao ukawa nyaya. Ngeli ya U-ZI, basi. Mafundi wengi husema ‘hii waya’ na ‘hizi waya’, na sitawakosoa leo.

Nyaya zenyewe hutambuliwa kwa tabia. Usizitambue kwa rangi. Rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya mwaka na mwaka wa gari lile lile. Fundi anayekuambia ‘nyekundu siku zote ni ya stata’ muage kwa heshima. Uko waya, wakati mwingine miwili, wenye umeme wa volti 12 wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Huo hutoka moja kwa moja kwenye betri. Uko wa ACC, ambao hupata umeme kwenye ACC na ON lakini hukatika wakati stata inazunguka. Ndiyo maana redio yako hunyamaza kidogo unapowasha gari. Si hitilafu, imeundwa hivyo ili nguvu yote ya betri iende kwa stata. Uko wa injini, ambao hupata umeme kwenye ON na haukatiki kwenye START. Na uko wa stata, ambao hupata umeme kwenye START peke yake.

Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoamua mambo. Kifaa kikipelekewa waya wa ACC mahali pa ule wa injini, stata itazunguka mpaka betri ichoke na injini haitashika, kwa sababu umeme wake unakatika wakati ule ule unapohitajika. Na kama umeme wa stata utaachwa ukiendelea injini ikishashika, meno ya stata yatasagana na meno ya injini kwa mlio ambao hutausahau.

Sasa, ‘moto’. Fundi alishika mita, ncha nyeusi akaigusisha chuma cha gari, nyekundu akaigusisha waya mmoja baada ya mwingine, akaniamuru nizungushe ufunguo polepole, hatua kwa hatua. Kila mara aliniambia: “Hapa hakuna moto. Hapa iko moto. Hapa moto imekatika.” Kwa Mkenya, waya wa moto ni waya wenye umeme, ingawa hauunguzi ukiugusa. Nyumbani umeme wenyewe tunauita stima, neno lililoanzia kwenye mashine na meli za mvuke. Kwa hivyo tuna stima isiyo na mvuke na moto usio na mwali, na hakuna anayepotea njia. Maana ya neno hukaa kwa watumiaji wake, mradi wote wawe wamekubaliana. ‘Oto’ ilikosa makubaliano hayo.

Nilishangaa kumwona akitumia mita badala ya ile testa ya balbu ambayo mafundi wengi hutembea nayo mfukoni. Akanieleza kwamba balbu hunywa umeme. Ukiigusisha nyaya za kompyuta ya gari waweza kuiharibu, na ukiigusisha nyaya za mifuko ya hewa, ile inayofura gari linapogonga, waweza kuilipua usoni pako. Nyaya hizo kwa kawaida huvikwa plastiki ya manjano iliyokoza na hupita karibu sana na usukani, hapo hapo tulipokuwa tukifanyia kazi. “Hiyo ya manjano,” akasema, “ni ya wenyewe. Usiguse, usipime, usifungie kitu.”

Kupima hufanywa betri ikiwa imeunganishwa, la sivyo utapima nini? Ila kabla ya kukata na kuunga nyaya, betri hutolewa. Hutolewa upande wa hasi kwanza. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeungwa na upande wa hasi; ukianza na chanya na spana yako iguse bodi, utaona cheche zitakazokutoa machozi. Kisha mtu hungoja dakika kadhaa, kwa kuwa mitambo ya mifuko ya hewa huhifadhi umeme kidogo hata betri ikishatolewa.

Kuhusu hasi, hapa nina ugomvi mdogo na vitabu vyetu. Baadhi hutafsiri istilahi ya Kiingereza moja kwa moja na kuandika ‘waya wa ardhi’. Nyumbani ni sawa, kwa kuwa waya ule kweli huzikwa ardhini. Lakini gari limeketi juu ya magurudumu ya mpira na haligusi ardhi kwa waya wowote. Umeme wake hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha bodi. Mafundi husema ‘ethi’ au ‘bodi’, nami naona ‘bodi’ ndilo neno lenye akili, maana linamwambia mtu mahali pa kufungia. Waya wa bodi wa kifaa cha rimoti unapaswa kufungwa kwa skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king’ae. Kijana yule alikuwa ameufungia kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi, juu ya rangi. Kwamba kifaa kilifanya kazi hata siku moja ni ajabu.

Makosa mengine tuliyoyakuta yalikuwa ya waya mwembamba. Kifaa huja na fyuzi kwenye waya wake wa umeme wa betri, mara nyingi ya ampea 30 au karibu na hapo, kwa sababu ndani yake kuna rilei zinazobeba mkondo mkubwa wa ufunguo. (Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole: mkondo mdogo unaamsha sumaku, sumaku inafunga njia ya mkondo mkubwa.) Waya wa kifaa haukufika, kijana akauongezea kipande cha waya wa spika. Watu wengi hudhani fyuzi inalinda kifaa. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Ukiweka waya mwembamba nyuma ya fyuzi ya ampea 30, waya utayeyuka na kuwaka moto, moto wa kweli wa jikoni, kabla ya fyuzi kukatika. Fyuzi nayo sharti iwe karibu na mahali umeme unapochukuliwa, kwa kuwa kipande chochote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Viungo vilikuwa vimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Fundi aliviondoa vyote, akaviunga upya kwa risasi, akavivika mipira ya kuzuia maji. Alifanya hivyo akiguna.

Lakini hayo yote, hata kiungo kibovu kabisa, hayakuwa yameirusha pikapu. Kilichoirusha ni ile swichi ya klachi. Na hapa ndipo penye kiini cha usalama wa vifaa hivi.

Mtu akiketi kwenye kiti cha dereva na kuzungusha ufunguo, mwili wake wenyewe ni ulinzi. Anahisi gia iko wapi, mguu uko kwenye breki, macho yanaona aliyesimama mbele. Rimoti inamwondoa mtu huyo. Inaturudisha enzi za hendeli, ambapo dereva alisimama mbele ya gari na kuizungusha injini kwa mkono. Gia ikiwa imesahauliwa ndani, gari lilimpanda. Stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering kule Dayton, Ohio, na ambayo Cadillac ilianza kuuza ndani ya magari yake ya 1912, ilimtoa dereva mbele ya gari na kumweka kitini. Baada ya miaka zaidi ya 100 tunamtoa kitini na kumweka jikoni.

Kwa hivyo kifaa kilichofungwa vizuri hupewa hisia za kufidia zile zilizopotea. Huunganishwa na waya wa taa ya breki, ili yeyote akikanyaga breki bila ufunguo injini izime. Hilo humzuia pia mwizi. Huunganishwa na swichi ya boneti, ili injini isiwashwe na mtu aliyekaa sebuleni huku fundi akiwa ameingiza mikono kwenye feni na mikanda. Swichi hiyo ya boneti huja ndani ya boksi, na ndiyo hutupwa kwanza, kwa kuwa kuifunga kunachosha na gari huwaka hata bila hiyo. Huunganishwa na njia ya kujua kama injini imeshika, ama kwa kuhesabu mizunguko yake ama kwa kupima volti. Kisipojua, kitajaribu tena. Ndiyo sababu pikapu iliruka mara ya pili.

Gari la oto, la oto ya kweli, lina swichi nyingine kwenye gia, inayokatalia stata isipokuwa gia iko kwenye P au N. Swichi hiyo huwa kati ya tundu la ufunguo na stata. Waya wa kifaa ukiungwa upande wa ufunguo, swichi inabaki kazini. Ukiungwa upande wa stata, umeiruka. Ni suala la sentimita chache chini ya usukani. Gari la klachi halina swichi ya kujua gia; lina ya kujua klachi pekee, na magari mengi ya zamani hayana hata hiyo.

Je, gari la klachi haliwezi kufungwa rimoti kabisa? Linaweza, kwa kifaa kilichoundwa kwa ajili yake. Dereva anapowasili huweka gia fri, huvuta breki ya mkono, hubonyeza rimoti injini ikiwa bado inaunguruma, hutoa ufunguo, hushuka, hufunga mlango, na ndipo injini huzima. Kifaa sasa kina uhakika kwamba gari liliachwa fri na hakuna aliyeingia. Mlango ukifunguliwa tena, hata na mtoto anayetafuta peni, ruhusa inafutika. Sijaona neno la Kiswahili kwa utaratibu huu. Napendekeza ‘kuliaga gari’. Usipoliaga, halitakuitikia asubuhi.

Kuna jambo la mwisho la kiufundi ambalo wengi hufichwa. Magari mengi yana chipu ndani ya kichwa cha ufunguo, na kompyuta haikubali injini iendelee isipoiona. Ili rimoti ifanye kazi, baadhi ya mafundi hufunga ufunguo wa pili kwa tepu karibu na tundu la ufunguo, moja kwa moja. Kuanzia siku hiyo kinga yako dhidi ya wizi imelala. Vipo vijisanduku vinavyoificha chipu hiyo na kuiamsha kwa muda tu rimoti inapoitwa. Uliza kipi umefungiwa. Na gari likiwa ndani ya gereji iliyofungwa, rimoti isiguswe kamwe, hasa kama gereji imeshikana na chumba cha kulala. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Orodha fulani za istilahi hutaka rimoti tuiite ‘kitenzambali’. Awali sikulipenda neno hili. Niliona limetungwa mezani. Baada ya siku ile chini ya usukani nimelitazama upya. Kitu kinachotenda mbali, mahali ambapo mtendaji hayupo kuona anachokitenda.

Jioni tulimwonyesha mdogo wangu nyaya za klachi zilivyorudishwa mahali pake. Fundi akamuuliza kama anataka kifaa cha gari la klachi, kile cha kuaga. Akatazama mguu wa stendi uliopinda. “Wacha nitumie ufunguo kwanza, mzee,” akasema. Fundi akamjibu kwamba basi aamke mapema dakika kumi, akaanza kukusanya spana zake.